Usiache Tuta Kwenye Kivuko

Vijana wa karakana, tangu siku ile ya pilau na soda mliponiaga nilipostaafu hamjaniacha nipumue. Kila nikipita kuwasalimia, mmoja wenu anasema, mzee Paskali, zile habari zako ziandike. Basi nimekaa naandika. Nawaonya mapema kwamba matope yakipita mdomoni mwangu huwa yanaongezeka kidogo. Ila matope ya Mbulu hayahitaji sana msaada wangu. Nimewahi kuona lori likizama hadi ikabaki ile antena ya redio tu, na redio ikawa bado inasoma taarifa ya habari.

Vyeo na mishahara siandiki. Hivyo mnavijua, na havichekeshi.

Nilianza kwa koleo. Nilikuwa kibarua wa kuzibua mitaro upande wa Bashay, na opereta wa greda wa wakati ule alikuwa mzee Tluway, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua, hata kanisani aliivua nusu. Siku aliyonichagua niwe msaidizi wake nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia makande. Akasema vizuri, makande yanakaa, maana leo utatembea.

Nilidhani nitapanda ile mashine. Kumbe nilitembea mbele yake, peku, kutwa nzima, na siku zilizofuata vilevile. Kazi yangu ilikuwa kuonja barabara kwa nyayo na kumwonyesha kwa mkono: hapa pagumu, hapa panateleza, hapa kuna jiwe limejificha. Nikilalamika alisema kisu cha greda hakina macho, macho yake ni miguu yangu. Mama yangu aliponiona jioni na nyayo zilivyokuwa aliuliza kama nimeajiriwa au nimefungwa.

Mzee Tluway ndiye aliyenifundisha kuipa barabara mgongo, yaani katikati iinuke na maji yakimbilie pande zote mbili. Alinifundisha kupaka grisi kabla ya chai na siyo baada ya chai, kwa sababu baada ya chai mtu hukumbuka mambo mengine. Na alinifundisha kuhusu tuta. Nyinyi mnalijua: kisu kikikwangua matope, matope yanajipanga pembeni kama ukuta mrefu. Kiangazi unarudi unayatandaza. Masika huwezi, ni uji mtupu, unayaacha pembeni mpaka yakauke. Kwa hiyo masika yote barabara zetu zilikuwa na kuta mbili, na aliyekuwa nje ya kuta hizo alijitafutia mwenyewe mahali pa kupita. Hakuna aliyeona tatizo. Magari yalikuwa machache hivi kwamba mbwa walilala katikati ya barabara na wakaamka kwa hiari yao.

Ikaja biashara huria. Zikaja nguo za mitumba, redio za mitumba, baiskeli za mitumba, na mwisho wa yote likaja greda la mtumba. Lilitoka nchi ya baridi kali, na kwenye kibanda cha dereva lilikuwa na kipasha joto ambacho fundi wetu hakuweza kukizima hata alipokata waya alizoziona na nyingine alizozihisi. Huku Mbulu mwezi wa saba, baridi ikiuma, kila mtu alitaka lifti. Lakini tukiteremka kuelekea Haydom tulikuwa tunaokwa. Asubuhi moja tukiwa Dongobesh niliweka yai bichi pembeni ya usukani, na tulipofika Haydom palikuwa na ubishi mkali kama limeiva au limeanza kutotoa kifaranga.

Ndani ya kibanda hicho, juu ya kioo cha mbele, kulikuwa na picha imebandikwa. Ilionyesha barabara, pembeni yake rundo jeupe, na nyuma ya rundo mtu amekalia kitu kama pikipiki isiyo na magurudumu. Kati ya mtu yule na barabara palikuwa na alama kubwa nyekundu. Chini yake maneno ya Kiingereza. Mzee Tluway alishikilia kwamba ni onyo kuhusu wezi: mtu kaibiwa magurudumu, kakaa anasubiri polisi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza shule ya jioni, mtu mzima na madaftari yangu, nimekaa na watu wazima wenzangu kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni. Nilinakili yale maneno nikampelekea mwalimu wa Kiingereza. Akayasoma, akaandika ubaoni kwa Kiswahili: Usiache tuta kwenye kivuko. Kisha akatueleza theluji. Alisema kule inaanguka kutwa kucha mpaka barabara inapotea, na greda linaisukuma pembeni kama sisi tunavyosukuma matope. Wanavijiji wana pikipiki za kuteleza juu ya theluji, na zinapokatiza barabara, tuta likiwa limeachwa pale, anayekuja hamwoni wa barabarani na wa barabarani hamwoni anayekuja. Wanakutana katikati.

Mama mmoja muuza vitunguu akauliza, kumbe na wao wana masika? Mwalimu akasema ndiyo, kwa namna fulani. Yule mama akatikisa kichwa akasema pole zao.

Nilimpa mzee Tluway tafsiri hiyo kesho yake. Alitazama ile picha muda mrefu, akasema, "Huyu aliyechora alikuwa amezika mtu." Tangu siku hiyo, kila njia ilipokatiza barabara, tulisimama na kulikata tuta, hata kama ni njia ya mbuzi, hata kama mvua ilikuwa inatupiga kama inatudai. Watu walituona wendawazimu.

Mzee Tluway alistaafu, akaniachia usukani, kabla mkoa wetu wa Manyara haujazaliwa. Mkoa ulipokuja, ofisi zikasogea, nami nikahamishiwa upande wa Hanang pamoja na greda langu na kipasha joto chake. Nilikuta dunia nyingine. Pikipiki zilikuwa zimeingia kama nzige. Vijana walibeba perege wa Basotu kupeleka Masakta na Katesh, matenga mawili na abiria katikati, na mwendo wao ulikuwa ule wa mtu anayekimbizwa na harufu ya mzigo wake.

Na palikuwa na kivuko. Wafugaji wa kule tambarare walivusha ng'ombe kwenda kunywa ziwani Basotu, na njia yao ilikatiza barabara mahali penye kona ndogo. Njia hiyo ilikuwepo kabla ya barabara, kabla ya mashamba ya ngano, na ukiwasikiliza wenyewe, kabla ya ziwa. Kipande kile kilikuwa kimepitiwa na greda kabla sijahamia, na tuta la masika lilikuwa limesimama hapo refu kama mtu mzima na nusu. Tufanye mtu mfupi.

Mchana mmoja kijana wa Masakta aliyeitwa Petro alikuwa anakuja na samaki wake. Dume la ng'ombe likapanda tuta kutoka upande wa pili na kushuka barabarani kama limedondoka mawinguni. Wakagongana: Petro aliruka, samaki wakaruka, pikipiki ikaenda peke yake hadi kwenye shamba la mtu. Dume liliinuka, likajitikisa, likaendelea na safari. Petro hakuinuka. Mguu ulikuwa umevunjika. Watu walimkimbiza hospitali, na wengine wakaokota samaki wake wakawarudisha kwenye matenga, wengi wao.

Ukaitishwa mkutano. Madereva wa bodaboda walikuja wote, na madai yao yalikuwa mafupi: kivuko kifungwe, ng'ombe wakavukie chini ya daraja la mbali kule juu. Hapo akasimama mama mmoja mfugaji, mjane, mwenye bangili za shaba kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Alikuwa mama yake Gidobat, na kila mtu alimwita Mama Gidobat. Dume lile lilikuwa lake. Alizungumza Kiswahili polepole, kila neno analiweka chini kabla ya kuokota jingine. Alisema kwenda daraja la mbali na kurudi ni kutwa nzima. Ng'ombe wakubwa watafika. Ndama hawatafika, na wanaonyonyesha watakauka. "Mkifunga hapa," alisema, "mimi nauza ng'ombe, nahama. Mwaka huu huu."



Injinia wetu wa wakati ule alikuwa binti mpole, mpya kama mkoa wenyewe, na alifanya jambo ambalo bado namheshimu kwalo: hakuamua kwa hasira ya siku ile. Alisema kivuko kinabaki hadi masika yaishe. Akiumia mtu mwingine hapo, kinafungwa. Asipoumia, kinabaki moja kwa moja. Kisha akanigeukia akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee, unakiweza?" Nikamjibu kwamba nimefunzwa na picha, nakiweza. Jibu hilo halikumtuliza mtu yeyote, lakini lilikuwa limeshatoka.

Kukata tuta ilikuwa rahisi. Nililikata pana pande zote mbili, hata kuku aonekane. Tatizo lilibaki ile kona: dereva mgeni hakujua kwamba kivuko kiko mbele. Tukakaa, mimi, Injinia na vibarua, tukaazimia kupaka pale rangi ya udongo. Bondeni, njia ya kushukia ziwa la chumvi, kuna udongo mweupe unaong'aa hadi unakunja uso. Tukaleta lori zima, tukautandaza barabarani kutoka tuta hadi tuta, tukaushindilia. Ukipanda Mlima Hanang ulikuwa unauona. Ukienda Singida nadhani ulikuwa unauona. Madereva walipunguza mwendo kutoka mbali. Injinia alinipa mkono. Nililala usingizi wa askofu.

Kesho yake nilipofika palikuwa na basi limesimama, magari mawili madogo nyuma yake, na pikipiki zisizo na idadi. Barabara yote ilikuwa ng'ombe. Hawakuwa wanavuka. Walikuwa wameinamisha vichwa, wanalamba. Walilamba barabara kwa utulivu wa watu walio kwenye sherehe, na waliokosa nafasi walisubiri zamu. Kondakta wa basi alikuwa anapiga dume mmoja makofi mgongoni, na yule dume alimwona kama inzi.

Udongo ule ulikuwa wa magadi, jamani. Tulikuwa tumeweka chumvi ya ng'ombe katikati ya barabara ya serikali.

Gidobat, mwana mkubwa wa yule mama na mchungaji wa ng'ombe wake, alinifuata akiwa ameshika fimbo yake mabegani, uso unang'aa kwa furaha. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, tunashukuru," alisema. "Tulisikia mkoa mpya utaleta maendeleo. Hatukujua utaanza na ng'ombe."

Kumbe walituona tukitandaza, na hakuna aliyetukataza. Ungemkatazaje mtu anayekuletea chumvi mlangoni?

Lakini hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Zamani ng'ombe walivuka na kuondoka. Sasa walikuwa wamehamia. Madereva walinizunguka, na walikuwa na haki. Mmoja alisema tungewawekea na vitanda. Nikajua kwamba Injinia akifika na kukuta hivi, hatasubiri mtu aumie, kivuko kimekwisha, na Mama Gidobat amehama.

Naye Mama Gidobat alifika muda huohuo, na kwa bahati ambayo siwezi kuieleza, Petro naye alikuwa amefika, juu ya pikipiki ya mwenzake, magongo yake yamefungwa nyuma na mguu wake una plasta. Hawakuwa wamewahi kukutana tangu siku ile. Tulisogea wote kidogo, kama watu wanaosikia radi.

Petro akatoa shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akamtazama mguu.

"Wewe ndiye uliyegonga dume langu?"

"Mama, dume lako ndilo lililonigonga."

"Tangu siku hiyo hali majani vizuri. Ana mawazo."

"Mwambie nimemsamehe," Petro akasema. "Na mimi sili vizuri."

Mama akacheka, na alipocheka bangili zote zilicheka naye. Hapo ndipo watu walipopumua. Akaniita nisogee. Aliniambia ng'ombe hana kosa na udongo hauna kosa, nimeuweka tu pasipo pake. Akanyoosha fimbo kuonyesha upande wanakotokea ng'ombe, mahali palipo na uwanda kidogo, hatua za kutosha kutoka barabarani. Chumvi ikiwa pale, alisema, ng'ombe wote watasimama wenyewe kabla ya kuvuka. Kwa sasa wachungaji wanawakimbilia wasimame na hawasimami, wanasikia harufu ya maji. Wakisimama kulamba, mchungaji anakuja hadi barabarani, anatazama huku, anatazama kule, halafu anawaita.

Petro akauliza na kwenye kurudi je, wakitoka ziwani? Mama akasema weka na upande ule. Petro akaongeza la kwake: kile cheupe kwenye kona kibaki, sisi madereva kinatusaidia, ila kiwe kitu kisicholambika. Mawe. Pakeni mawe chokaa, muyapange kabla ya kona, sio kwenye kivuko chenyewe, maana dereva akiyaona akiwa kivukoni ameshachelewa.

Nikawatazama wawili hao wanapanga barabara yangu kwa magongo na fimbo, nikaona hapa opereta anatakiwa kunyamaza na kuwasha mashine.

Kuuondoa ule udongo wakati ng'ombe wanaulamba ni kazi ambayo hamtafundishwa chuoni. Nilisogea mbele unyayo kwa unyayo, na wao walirudi nyuma unyayo kwa unyayo, ndimi nje. Nilipoanza kuusukuma kwenda kule uwandani walinifuata wote, msafara mzima nyuma ya greda, na Gidobat anaimba. Abiria walishuka kwenye basi kutazama. Madereva wa bodaboda walikusanya mawe, na ingawa walinung'unika, waliyapanga vizuri kuliko sisi. Injinia alipofika jioni alikuta kila kitu mahali pake. Alisikiliza habari yote, akauliza swali moja tu, chumvi ikiyeyuka na mvua nani ataileta nyingine. Nikamwambia lori likirudi tupu kutoka bondeni linaweza kurudi na kitu. Akasema sawa, na yeye mwenyewe akaandika iwe sehemu ya matengenezo ya barabara. Sijui wilaya nyingine yenye matengenezo ya aina hiyo.

Masika yale yalikuwa makali. Mvua ilinyesha hadi vyura walitafuta pa kujikinga. Kila nilipopita nililikata tuta upya, kwa sababu magari yalilisogeza na maji yalilibomoa likajaza pengo. Nilikuwa nasimama hapo kuliko mahali pengine popote, nahesabu watu moyoni kama mwalimu wa zamu. Siku moja, mvua imekatika muda mfupi, nilikuwa nimeegesha greda pembeni nakula, nikaona pikipiki tatu zinakuja kwa ile kasi yao ya samaki, na upande wa pili kundi zima la Mama Gidobat linateremka kwenda majini. Nikaweka chapati chini, nikasimama. Ng'ombe walifika kwenye chumvi, wakainamisha vichwa. Gidobat akatembea hadi ukingoni mwa barabara, akasimama kwenye pengo la tuta, akainua fimbo. Pikipiki zilikuwa zimeshaona mawe. Zilipunguza, zikapita, wa mwisho akampungia Gidobat mkono. Kisha Gidobat akawaita ng'ombe wake, wakavuka. Haikutokea chochote, na hicho "chochote" kisichotokea ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kukiona nikiwa kazini.

Masika yakaisha, hakuumia mtu. Injinia akaleta kibao chenye picha ya ng'ombe. Wafugaji walikilalamikia kwa muda mrefu, kwamba ng'ombe yule hana nundu, ni ng'ombe wa kigeni, madereva hawatamheshimu. Asubuhi moja tulikuta nundu imechorwa kwa mkaa, kubwa, nzuri. Mkono wa nani sijui, ila Petro alikuwa na masizi shingoni. Mama Gidobat hakuhama. Sasa ni bibi wa watu, na mwaka hadi mwaka aliponiona napita alinipa pole ya kazi kwanza, kisha akauliza hali ya greda, halafu ya mke wangu.

Sasa hili la mwisho, ambalo hasa ndilo limenifanya niandike.

Siku ya kuagwa, kwa zile hotuba na kwa ule wingi wa pilau, nilimkabidhi Neema, mwenzenu aliyechukua nafasi yangu, funguo za greda, na nikasahau kumwambia habari ya kivuko. Nilimweleza grisi, kipasha joto, na ile nati inayolegea. Kivuko sikukitaja. Nilikumbuka nikiwa nyumbani, mvua za kwanza zimeanza, na sikupata raha. Nikampigia Petro simu, siku hizi ana pikipiki zake mwenyewe na kitambi chake mwenyewe, nikamwomba anipeleke Basotu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita barabara ile bila kisu mbele yangu.

Barabara ilikuwa imetoka kupitiwa na greda siku hiyo. Tuta lilikuwa pande zote mbili, refu, limenyooka, safi, kazi ya mtu mwenye mkono. Petro akaniuliza kwa sauti juu ya upepo, "Ulimwambia?" Nikasema sikumwambia. Akapunguza mwendo kabla hatujafika hata kwenye mawe.

Tukapita kona. Tuta lilikuwa limekatwa, pande zote, pana, na matope yamesukumwa mbali kama nilivyokuwa nafanya, pengine mbali zaidi. Kupitia pengo lile niliona vichwa vya ng'ombe vimeinama kwenye chumvi mpya.

Nilimpigia Neema palepale, nikamuuliza nani alimfundisha. Alicheka. Akasema, "Mzee, si kuna picha juu ya kioo?"

Petro akazima injini. Tukasimama, tukasubiri ng'ombe wapite.